Kitambaa Ndani ya Ekzosi

Sheha wa mtaa wetu alinisimamisha nje ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, akanishika mkono na asiuachie.

"Umeletewa mashtaka," alisema. "Ekzosi ya pikipiki yako umeiharibu makusudi, na sheria hairuhusu. Huko barabarani utajuana na trafiki. Hapa mtaani watu wanataka kupumzika."

Nikamwuliza nani aliyenishitaki.

"Wewe tengeneza pikipiki. Hayo mengine hayakuhusu."

Lakini mimi nilivyokuwa, hayo mengine tu ndiyo yaliyonikaa rohoni.

Wakati ule nilikuwa mpishi katika hoteli moja Paje, na nilikaa na mama yangu Mji Mkongwe, katika kichochoro chembamba ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta za pande zote. Kila siku baada ya Alfajiri niliwasha pikipiki pale pale mlangoni, nikaiacha ingurume mpaka ipate moto. Ekzosi yake ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi. Fundi alipoifungua alivitoa vyuma vya ndani vinavyopoza sauti, akaniambia sasa itakuwa nyepesi. Sijui kama ilikuwa nyepesi. Najua kwamba ilipolia kati ya zile kuta nilijiona mtu mkubwa.

Nilimdhania jirani wa mkabala. Alikuwa mwanamke mshonaji, umri wake sawa na wa mama, na dirisha lake lilitazamana na mlango wetu. Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumegombana juu ya maji machafu yaliyotoka kwenye mfereji wetu. Baada ya maneno ya sheha, kila alichokifanya nilikiona ushahidi. Akifunga dirisha, ananikwepa. Akilifungua, ananichunguza. Siku moja nilimkuta amesimama na sheha kwenye duka la mkate, wakanyamaza nilipofika. Tokea siku hiyo nikaacha kumwamkia. Nilipita nimeangalia chini kama niliyedondosha kitu, na asubuhi nikizidisha kuvuta mafuta, aisikie vizuri.

Wiki ya pili pikipiki ilikataa kuwaka. Nilipiga kiki mpaka mguu ukauma, nikainama, nikakuta ekzosi imeshindiliwa kitambaa. Nilikichomoa kwa koleo. Kilikuwa kipande cha khanga, rangi ya haradali, kina michoro ya korosho. Nani mwenye vipande vya vitambaa katika mtaa huu kama si mshonaji?

Nilichelewa kazini, nikagombezwa. Niliporudi jioni nikenda moja kwa moja kugonga mlango wake, kitambaa mkononi.

"Shikamoo," nilisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kugombana.

"Marahaba."

"Hiki chako?"

Alikichukua, akakigeuza, akakitazama kwa muda. Nilimwona amekitambua, na moyo wangu ukafurahi.

"Si changu," alisema.

"Cha nani, basi? Maana uso wako unakijua."

"Mwanangu, hebu panda juu. Upande uone, kisha uniulize tena."

Nilipanda ngazi nikiwa bado namdhania. Nilidhani anataka kunionesha mabaki ya vitambaa vyake ajitoe. Badala yake alisukuma mlango wa chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama kwetu, na humo alilala mumewe. Nilijua kwamba mzee yule aliugua. Sikujua kwamba kiharusi kilikuwa kimemwacha bila ya sauti, upande mmoja umekufa, mto umewekewa mgongoni asianguke. Nilimwamkia. Macho yake tu yaliniitikia.

Tulikuwa tumesimama hivyo ilipopita pikipiki ya mtu mwengine, mbali, upande wa barabara kuu. Mkono mzima wa yule mzee ukalikamata shuka, mwili ukashtuka wote, pumzi zikamwenda mbio. Mkewe alimshika kifua mpaka akatulia.

"Huyo yuko barabarani," aliniambia bila ya kugeuka. "Wewe uko hapa chini."

Sikumwuliza tena. Niliteremka, nikavuka kichochoro, nikaingia jikoni kwetu. Mama alikuwa anaepua chungu cha mchuzi, na kitambaa alichoshikia kilikuwa cha haradali, kina korosho.

Nikakiweka kile changu mezani, cheusi kwa moshi. Mama alikitazama, akaendelea kuweka chungu chini taratibu.

"Ni mimi," alisema. "Na kwa sheha nlikwenda mimi. Kila siku ukishaondoka nnakwenda kumsaidia jirani kumgeuza mgonjwa. Yeye mwenyewe alinikataza nisikwambie kwamba mumewe anashtuka, alisema utaona anakuchukia."

"Lakini mama, si ungeniambia wewe?"

"Nlikwambia upunguze kelele. Mara tatu. Mara zote ulikuwa ushawasha."

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa fundi mwengine, akanifungia ekzosi kamili yenye vyuma vyake. Hata hivyo sikuiwasha tena mlangoni. Niliisukuma mpaka barabarani, nikatoka jasho kabla jua halijachomoza, na mara mbili nilisahau kofia ya pikipiki ikabidi nirudi.

Kumwomba radhi jirani kulinichukua siku nne zaidi. Nilimkuta kwenye cherehani yake, nikamwambia nilikuwa nimemdhania vibaya.

"Nlijua," alisema, huku akikata uzi kwa meno. "Mtu aliyezoea kukuamkia akinyamaza, unamsikia."

Nikamwomba ruhusa niwe nakuja Ijumaa kusaidia kumgeuza mzee. Alisema atamwuliza mwenyewe kwanza, na kwamba mzee, akikataa, hufumba macho.