Mkasi wa Kwanza kwenye Joho la Tsar

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya mavazi ya maigizo, hapa Johannesburg, Mkataji Mkuu alinitupia mezani joho jekundu la mfalme na wembe mdogo.

"Fumua," akasema.

"Nishone wapi, bosi?"

"Nani kataja kushona? Fumua kwanza. Utashona ukishajua kilichomo ndani."

Nilikuwa nimetoka Tabora na cheti cha kidato cha nne, na nilijiona fundi aliyekamilika. Mkataji Mkuu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mombasa na kuhamia Mayfair, mtaa wa hapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa na makali kuliko changu. Nilifumua kwa siku kadhaa. Ndani nilikuta bitana juu ya bitana, sufi mabegani, na akiba ya mshono pana kama kiganja. Akiba ya mshono ni kile kitambaa kinachobaki ndani baada ya uzi kupita. Fundi wa mtaani huiacha nyembamba. Sisi tuliiacha pana kwa sababu joho huishi miaka mingi kuliko mwigizaji: leo linavaliwa na mwembamba, kesho na mnene.

Joho lile lilikuwa la tsar, kama walivyoitwa wafalme wa Urusi waliotawala bila kuulizwa na mtu. Nyumba yetu ilijulikana kwa mavazi hayo. Shule za huku hufundisha anguko la tsar wa mwisho, na walimu walikuja kuazima kofia na makoti ili watoto waigize. Mimi historia hiyo niliwahi kuikariri sekondari bila kuielewa. Mkataji Mkuu alinieleza upya kwa nguo.

"Huyu Ivan," alisema akijaza sufi begani, "ndiye wa kwanza kutawazwa kwa jina la tsar. Mpe uzito hapa juu, mtu amwogope kabla hajafungua mdomo. Wanasimulia alimpiga mwanawe fimbo kwa hasira, akafa. Baada ya hapo, nani angemwambia neno?"

Kutoka kufumua nilipelekwa kwenye pasi, na kutoka pasi nikapelekwa kwenye marekani. Hicho ni kitambaa cha bei ndogo tunachoshonea vazi la majaribio kabla ya kugusa kitambaa chenyewe. Hapo nilijifunza koti la Petro Mkuu, fupi, la kukaza kiunoni. Petro alitaka watu wake wavae kama Wazungu wa magharibi. Aliyefika lango la mji na kanzu ndefu ya zamani alitozwa faini, au alipigishwa magoti na kanzu ikakatwa usawa wa ardhi.

"Na mafundi waliozishona?" niliuliza.

"Walipigwa marufuku. Ungekuwepo, ungekoma na mapindo yako haya."

Nilicheka. Sikujua kwamba siku moja lango lile ningelisimamia mimi.

Mwishowe niliingia kwenye meza ya kukata. Karakana yetu ilikuwa na desturi moja. Kitambaa cha thamani hakikuguswa mpaka Mkataji Mkuu apitishe mkasi wa kwanza. Wote tulisimama kuizunguka meza. Yeye alikata kipande kifupi tu, akamkabidhi mkasi fundi aliyeandaa kiolezo, akaenda kunywa chai. Ilikuwa kama kumfungulia mtu mlango. Alipostaafu, cheo kikawa changu, na desturi nikaiendeleza. Tofauti ni moja. Nikishaanza kukata, mkasi sikuuachia.

Wakati huo tulikuwa na mshonaji hodari kutoka Bukavu huko Kongo, Mama Sifa, aliyeniita Papa, yaani baba. Siku moja alinyanyua koti nililolikata, akaniambia mbele ya wenzake, "Papa, huu mkono umekuwa mufupi."

Mkono ulikuwa mfupi kweli. Nilichukua koti alilokuwa akilishona yeye, ambalo halikuwa na kosa, nikalipasua mshono wa mgongo mzima. "Anza na lako," nikamwambia. Aliokota nyuzi moja moja. Tangu siku hiyo karakana ikawa na utulivu mwingi, nami nikauita utulivu ule heshima. Nilikuwa nimekosea. Kibaya zaidi, niliufurahia.

Kisha macho yakaanza kuniasi. Taa ya robot, kama huku wanavyoziita taa za kuongozea magari, pale kona ya mtaa wa Bellevue niliiona imevikwa ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa anaingia taratibu. Sikumwambia mtu, nikihofia kupokonywa meza.

Hapo ndipo ikaja kazi kubwa ya ukumbi mmoja wa mjini: joho la kutawazwa la Katerina, yule malkia aliyemwondoa mumewe akatawala Urusi mwenyewe. Lilitakiwa la mahameli nyekundu, lenye mkia wa kuburuta. Sasa sikilizeni, ninyi mnaojifunza. Mahameli ina nyoya. Ukipapasa kuelekea chini linalala, ukipapasa kuelekea juu linasimama. Vipande vyote lazima vitazame upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana cheusi penye taa. Kwa hiyo kila kipande huchorwa mshale wa chaki nyuma. Mimi mshale ule sikuuona vizuri. Ningepapasa kwa kiganja ningejua, ila niliona aibu kupapasa mbele ya watu kama mwanafunzi. Nilikata huku wote wamesimama. Nakumbuka mtu alikohoa.

Lilishonwa. Tukalipeleka ukumbini, mwigizaji akalivaa, taa zikawashwa. Katikati ya mgongo wa Katerina palikuwa na bonde jeusi kutoka shingoni hadi mkiani.

"Nini hicho?" akauliza Mwongozaji wa igizo kwa Kiingereza. "Malkia amebeba kaburi?"

"Ni taa yenu," nikasema.

Kijana wa taa akazisogeza. Bonde likabaki. Nikamgombeza azisogeze tena. Kitambaa kingine hakikuwepo, na onyesho lilikuwa kesho. Niligeuka kuwatazama watu wangu. Wote waliangalia sakafu.

"Papa," Mama Sifa akasema polepole, "haiko taa. Ni nyoya. Ulikata juu-chini."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Siye bote tuliona."

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme, halafu ile koti ingine utaipasua?"

Mwongozaji hakuelewa, maana tuliongea Kiswahili. Mimi nilielewa. Mkataji Mkuu aliwahi kunieleza habari za Nikolai, tsar wa mwisho, aliyevaa sare ya kawaida ya kanali. Waliomwonya hakuwasikiliza, na akaja kuachia ufalme ndani ya behewa la treni. Nilikuwa nikimcheka kila nilipomshonea vifungo.

Nilijua nilitakiwa kukasirika, na hasira haikuja. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nikasema kwa sauti, "Sioni. Macho yangu yamekwisha." Kisha nikampa Mama Sifa mkasi.

"Eish, Papa," akasema. "Mkasi wa nini tena? Leta tai."

Tai ni wale ndege wenye vichwa viwili, alama ya ma-tsar, tuliowakata kwa kitambaa cha dhahabu ili kuwatawanya joho zima, ila walikuwa bado hawajashonwa. Mama Sifa aliwakusanya wote mgongoni, juu ya kipande changu kibaya, bawa juu ya bawa, mpaka weusi ukafunikwa. Watu walishona huku wakiongea na kutaniana. Mmoja alisema hata Urusi haijawahi kuwa na tai wengi namna ile. Sikuwa nimesikia kicheko katika karakana yangu kwa miaka. Kesho yake malkia aligeuka jukwaani, na ukumbi ukapiga makofi.

Nilistaafu baada ya hapo. Nilifanyiwa upasuaji, jicho moja kisha la pili, na sasa robot naiona nyekundu kama nyekundu. Mama Sifa ndiye Mkataji Mkuu. Nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya wote. Desturi ya mkasi wa kwanza ameibadilisha. Kabla ya kukata, kila mmoja hupitisha kiganja juu ya kitambaa, na asiyeridhika husema.

Bado napita pale mara kwa mara, nao hunipa mapindo ya kushona kwa mkono. Juzi nilishona pindo la koti la Petro. Mama Sifa alilipeleka dirishani, akalivuta, akalirudisha mapajani mwangu na wembe juu yake.

"Papa," akasema, "fumua."

Karakana nzima iligeuka kunitazama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikachukua wembe, nikafumua.