Msiba Ndani ya Ghala la Pareto

Jumapili iliyopita nilimnyang'anya mwanangu rimoti. Si kawaida yangu, maana ni kijana mkubwa sasa, amenipita kimo, na nyumba yetu hapa Babati haina makelele. Alikuwa amekaa na binamu zake watatu wanatazama filamu. Mle ndani akatokea askari mweusi, mcheshi, anamwonyesha mwenzake mzungu picha ya watoto wake. Mwanangu akasema, "Huyo hamalizi nusu saa." Binamu wakacheka. Kweli, ndugu yangu, hakumaliza. Akapigwa risasi, mzungu akamfumba macho na kuendelea na safari yake, na vijana wakacheka tena kwa kuwa utabiri umetimia. Hapo nikainuka. Nikabonyeza kitufe, picha ikaganda, na nikajisikia nikitamka maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia nikiwa darasa la tano kule Gitting: "Iko msiba hapa."

Wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Wewe usinitazame hivyo. Kaa nikueleze.

Gitting ya utoto wangu ilinuka pareto. Tuliishi chini ya mlima Hanang, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa mpaka ng'ombe wamalize kukamuliwa, na vidole vyako vinakataa kufunga kifungo cha sare. Kabla ya shule tulichuma maua ya pareto, na baada ya shule tukayaanika. Jioni tulikula makande kwa maziwa ya mgando, mabega yakigusana karibu na moto. Maua yakikauka yalipelekwa kwenye ghala la ushirika, jengo refu la mabati kando ya barabara. Halafu ikaja ile miaka ya soko huria. Wanunuzi wakaanza kufika na magari yao hadi mlangoni kwa mtu, mitumba ikajaa mnadani, redio zikaongezeka sauti, na ghala likabaki tupu. Tulikuwa bado mkoa wa Arusha wakati huo. Manyara lilikuwa jina la ziwa tu.

Fundi redio wa kijiji ndiye aliyelipa ghala maisha mapya. Alileta televisheni, deki na jenereta, akaziba madirisha kwa mablanketi, akapanga magogo ya kukalia. Kila Jumamosi mchana, ukiwa na mayai mawili, uliingia. Kwa kuwa filamu zilikuwa za Kiingereza, mwalimu wetu wa darasa la tano alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ya ubaoni, akitafsiri. Alikuwa ametoka Tanga, na Kiswahili chake kilituacha njiani mara nyingi, lakini tulimpenda. Aliigiza sauti zote, hata ya mwanamke, hata ya mbwa.

Nilikuwa mwendawazimu wa video, sina neno jingine. Nilijua kava zote za kanda alizobandika fundi ukutani. Wiki nzima tulikuwa tukiigiza tuliyoyaona Jumamosi, kwenye uwanja nyuma ya shule, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba wangu. Mimi nilikuwa mweusi kuliko wenzangu wote, rangi ya bibi mzaa baba, nyeusi ya chungu kilichozoea moto. Wenzangu walikuwa wameshagundua kanuni ya zile filamu bila kufundishwa na mtu. Waligombania kuwa yule mzungu, na nafasi ya yule mweusi, iliyokuwa yangu, haikugombaniwa. "Wewe unakufa," waliniambia, kisha wakahesabu wanaobaki. Nilijilaza kwenye nyasi zenye umande nikisikiliza wengine wakimaliza hadithi. Niliumia, ila sikujua hata nimlalamikie nani.

Mama yangu, aliyeolewa kutoka Tlawi na aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, alisikia kanisani kwamba video inaharibu watoto. Akanifungia mayai. Nililia siku tatu, nikagoma hata makande, ndipo akatoa hukumu: "Bibi yako akaone kwanza. Yeye akisema ni kitu kizuri, utakwenda. Akisema kibaya, nisikusikie tena." Ungemjua bibi, ungejua kwamba hapo nilikuwa nimeshashindwa. Bibi hakuipenda hata redio, alisema inaongea bila kusalimia.

Nikamwendea jikoni kwake, akipepeta maharage. Nikamweleza vita, magari, farasi, yeye anapepeta tu. Mwisho nikakumbuka kava mpya iliyokuwa ukutani kwa fundi: wanaume wawili wamepeana migongo, mzungu na mweusi, kila mmoja na bunduki yake. Nikasema, "Bibi, mle ndani yumo mtu wetu."

Ungo ukasimama. "Wetu wa wapi?"

"Mweusi kama wewe na mimi."

Bibi alifikiri. Watumishi waliokuja kutoka mikoa mingine walikuwa wakituuliza sisi Wairaqw kama tumetoka Uhabeshi, na hata mwalimu wetu alipenda kututania kwamba tumepotea njia tukielekea kwingine. Bibi hakuyajali hayo. Kwake, mtu wako ni yule ambaye akifika mlangoni huna haja ya kumuuliza anataka nini. "Nitakuja kumwona," akasema.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inanyemelea. Bibi aliingia ghalani amejifunga shuka lake la kanisani. Vijana wote wakasimama, shikamoo zikapita gogo kwa gogo, naye akaitikia moja moja bila haraka, fundi akiwa ameshika waya wa jenereta anangoja. Akapewa kiti pekee kilichokuwamo. Nikakaa karibu na goti lake, kwa sababu bibi alikuwa na Kiswahili cha mnadani, cha kuuzia kuku na kukataa bei. Mwalimu alitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri Kiswahili kwa Kiiraqw, sikioni.

Alimpenda yule askari mweusi tangu mwanzo. Alimwona akigawa mkate wake, akimbeba mzungu aliyeumia mguu, akiwachekesha waliokata tamaa. "Huyu amelelewa," aliniambia, nami nikavimba kwa furaha nikihesabu Jumamosi zangu zote zijazo. Halafu wakafika darajani. Askari akabaki nyuma ili wenzake wavuke, akapigwa, akaanguka. Mzungu akachukua bunduki yake, akakimbia.

"Amefanya nini?"

"Amekufa, Bibi."

Alingoja. Nilidhani yamekwisha. Muda si mrefu tukaona mzungu yule amenawa, amekaa mezani na mwanamke, anakula nyama na kucheka. Ghala zima likacheka naye. Bibi akasimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikafunika televisheni yote.

"Zima hii kitu," akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Iko msiba hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana mmoja nyuma akaita, "Bibi, samahani, kaa chini, unatuziba!" Mwingine akasema, "Bibi, ni picha tu, hajafa kweli!" Bibi akaniuliza wanasemaje. Nikamwambia. Akanijibu kwa Kiiraqw, kisha akasema, "Waambie. Kwa sauti."

Nikasimama mbele ya kijiji kizima nikasema, "Bibi anasema, kama kifo cha yule ni cha uongo, basi na furaha ya huyu ni ya uongo. Mbona hii mnaiamini?"

Mpaka leo, na nimeshabishana mengi kuhusu filamu, mtandaoni na vijiweni, na wasomi na wajuaji, sijasikia mtu akilijibu swali lile vizuri. Wanaandika kurasa na kurasa kuhusu nani anaonyeshwa na nani anafichwa. Bibi yangu, ambaye saini yake ilikuwa kidole gumba, alimaliza kazi hiyo kwa sentensi mbili, ghalani, Gitting. Nitajivuna kwa hilo mpaka niingie kaburini.

Fundi alitoka nje akazima jenereta. Baba yake alipofariki, bibi ndiye aliyefika wa kwanza na debe la unga, akapika siku zote za matanga. Hakuweza kumbishia kuhusu msiba. Na hapo tukaisikia mvua juu ya mabati.

Bibi akamgeukia mwalimu. "Wewe unayejua lugha yao. Mama yake ni nani?"

"Hawakusema, Bibi."

"Ameacha mke?"

"Hawakusema."

"Jina lake?"

Mwalimu akaiangalia fimbo yake. "Walimwita sajenti tu, Bibi. Jina hawakusema." Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba aliona aibu siku ile kuliko siku yoyote mbele ya mkaguzi.

Kwetu, mtu akifa majembe yanalala. Hulimi, huuzi, hucheki mezani. Na mtu akifa njiani na kwao hakujulikani, wale aliowaangukia ndio ndugu zake. Bibi alilisema hilo, nami nikalitafsiri, safari hii bila kungoja kuambiwa. Akasema, "Basi ni wetu. Mvua inanyesha. Ataitwa Tluway." Ndilo jina tunalompa mtoto wa kiume anayezaliwa mvua ikinyesha. Wanaume wakavua kofia. Mzee wa kanisa akaongoza Baba Yetu, na mwalimu, aliyekuwa Mwislamu, akafungua viganja akamwombea kwa njia yake. Mimi nililia. Nililia kama mtu aliyelala kwenye nyasi wiki nyingi na leo ndio amekuja mtu kumwinua.

Kisha bibi akakaa. "Sasa washa. Tuone kama mwenzake atamkumbuka."

Hakumkumbuka. Tulingoja filamu nzima. Mzungu akashinda vita, akapata mwanamke, akavishwa nishani, na ghalani hakuna aliyepiga makofi.

Tulirudi nyumbani kwenye tope, bibi ameshika bega langu. Nilikuwa nimeshaziaga Jumamosi zangu. Tulipofika kwenye zizi, akasimama. "Utakwenda," akasema. "Lakini kila ukirudi, uniambie nani amekufa na nani amemlilia. Asiye na jina, umpe."

Basi ndivyo nilivyosoma. Wengine wana shahada za sanaa, mimi nina Jumamosi za jikoni kwa bibi, nikichambua maharage na kutoa taarifa ya waliokufa. Wahindi wekundu nane, Bibi, hakuna aliyelia. Mpishi Mchina, mmoja, hakuna. Mbwa wa mzungu, mmoja, wamelia wote. Hiyo ya mbwa aliicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza tena habari za mpishi.

Na kule uwanjani mambo yakabadilika. Wenzangu waliponiua, niliwakumbusha kwamba kuna msiba. Ikabidi wasimame, waniulizie mama yangu, waniombee, wengine wakatafute unga wa mchanga. Kuniua kukawa kazi kubwa, mchezo haukuisha, kengele ikalia bado wananizika. Wakaona heri niishi. Muhula wa pili nilikuwa navuka daraja na wenzangu, na siku moja nikamwoa binti wa mfalme, ingawa alikuwa binamu yangu kutoka Dirma na alitaka kurudi kwao kuchunga mbuzi.

Hayo yote yamekwisha. Pareto ilipungua, ghala likang'olewa mabati yake, na sasa pale pana mnara wa simu. Fundi alihama. Mkoa mpya ulipozaliwa mwalimu alipandishwa cheo akahamishwa, na sijui kama huko aliko anatafsiri bado sauti ya mbwa. Filamu sasa ziko mfukoni mwa kila mtoto, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni. Kitu ninachokikosa zaidi ni kwamba tulikuwa tukitazama pamoja, na yeyote aliweza kusimama akatuziba.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa nane, jua kali, vumbi la Babati mpaka kwenye chai. Nilipompeleka Gitting, bibi alikuwa haoni tena vizuri. Akampapasa uso, akauliza jina. Nikamwambia, Tluway.

"Mvua ilinyesha?"

"Hapana, Bibi. Hata wingu."

Mkono wake ulikuwa bado shavuni mwa mtoto. "Basi ni yule wa darajani," akasema. "Amerudi kwao."

Sikuwahi kumwambia mwanangu. Watu husikia jina wakadhani mvua, na mimi huwaacha. Jumapili ile, rimoti mkononi, ndipo nilipomwambia, kama nilivyokuambia wewe. Binamu zake walikuwa wameacha kucheka zamani. Yeye aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia rimoti. Akairudisha filamu nyuma, akapita risasi, akapita daraja, maana filamu hiyo nayo ilikuwa na lake, mpaka pale askari anapotoa picha ya watoto wake.

"Anaitwa nani huyu?" akauliza, na wote wanne wakasogea karibu kusikiliza kama kuna atakayemtaja.