Vijibwa Vitatu na Beseni la Harusi

Aibu yangu naitoa mwenyewe leo, kabla hamjaiona kwenye simu ya mtu, na wengine wenu mshaiona, msijifanye, nawaona mnavyobana meno. Ndiyo, yule mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi, aliyechuchumaa katikati ya harusi ya watu hapa Garissa akisugua beseni kwa mchanga huku watoto wakimhesabia kwa sauti, ni mimi. Si pacha wangu, sina pacha. Ni mimi mwalimu wa sayansi, Mtaita mzima, mwaka wa sita huu niko huku na bado nafanya mambo kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana.

Kisa chenyewe kilianza na huruma, na huruma jamani ni kitu kibaya. Nyuma ya shule yetu kuna mtaro, na siku moja baada ya vipindi nikasikia vilio humo, nikachungulia nikakuta vijibwa vitatu vimekumbatiana juu ya gunia. Mama yao nilikuwa namjua, kijibwa cheupe cha manyoya alichokiacha afisa mmoja wa bara alipohamishwa, kikagongwa na lori wiki ileile niliyovikuta. Baba yao Mungu ndiye ajuaye, ingawa nikiyatazama masikio yao namshuku sana yule mbwa mwekundu wa machinjioni. Basi mchanganyiko ukatoa vitu vya ajabu: miguu mifupi, mwili mrefu, manyoya yaliyoota zaidi upande mmoja kuliko mwingine, sikio moja limesimama lingine limelala. Nikavitia kwenye mkoba wa madaftari nikaenda navyo nyumbani, na madaftari ya darasa la saba mpaka leo yana harufu.

Sasa nyumbani kwangu ni chumba kimoja katika ua wa Hooyo Sahra, mama mtu mzima wa Kisomali, na sisi wapangaji wote tunamwita Hooyo, yaani mama, kwa kuwa ukiugua analeta supu kabla hujaomba. Hooyo hakunifokea. Alisimama mbali, akakusanya shuka lake, akavitazama vile vitu vitatu, kisha akanitazama mimi, nadhani akiona jumla ni vinne.

"Mwalimu," akasema, "mimi sichukii yeye, Mungu ndiye aliumba. Lakini mdomo yake ikigusa nguo yangu, hiyo nguo haiswali. Weka kule nyuma ya choo, kwa zizi ya zamani. Kitu yangu isiguse."

"Sawa, Hooyo."

"Na sikia. Jumamosi msichana yangu Ifrah naolewa. Wageni natoka mbaka Wajir. Jumabili jua ikitoka, hii fitu tatu kama bado iko hapa, wewe na yeye mtaenda bamoja."

Hapo ndipo mambo yalipofikia. Nilikuwa na siku tano za kuvitafutia makao, la sivyo niwe mimi ndiye natafutiwa makao, na nyumba Garissa yenye maji uani na mama wa kukuletea supu haiokotwi mtaroni. Na kuvirudisha mtaroni sikuweza, nimeshavipa majina (usipe mnyama jina kama bado hujaamua, hilo chukueni bure): Kiazi, Soksi na Bi Mdogo.

Nikaanza na watu wa bara, ndivyo tunavyoitwa huku sisi wageni, maana majirani zangu Waislamu nilijua hawafugi mbwa nyumbani. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu na wafanyakazi wa ofisini: vijibwa vitatu, vyenye adabu, vinatafuta nyumba zenye upendo. Mungu wangu. Wa kwanza akajibu, "Mwalimu, hizo ni mbwa au ni slipa?" Wa pili akasema anataka mbwa wa kushika mwizi, si wa mwizi kufutia viatu. Polisi mmoja rafiki yangu, ambaye nilikuwa namtegemea sana, akaandika tu, "Pole." Siku tatu zikapita hivyo, hakuna aliyekuja hata kuangalia.

Alhamisi nikajiambia tatizo ni picha. Vilikuwa vimejaa vumbi, vinafanana na mifuniko ya sufuria iliyosahaulika. Mtu yeyote akioga anapendeza, hata mimi huwa napendeza. Kwa hiyo nikaamua kuviogesha nipige picha mpya, na karai langu lilikuwa na nguo nilizoloweka tangu Jumanne (msiniulize). Nikatazama bombani nikaona mabeseni makubwa ya bati yamepangwa, moja juu ya jingine, nikachukua la juu. Ndilo hilo kosa lenyewe. Hooyo alikuwa ndani, mlango wazi, hatua tatu kutoka niliposimama, nasikia mpaka vicheko vya wanawake wanaompaka Ifrah hina, na kuuliza "Hooyo, haya mabeseni ni ya nini?" kungekuwa kazi ya pumzi moja. Nikaona haya kuingilia mambo ya wanawake. Nikajiambia ni ya kufulia. Nikalibeba mpaka nyuma ya choo, waya uliofungia sikio lake moja lililokatika ukanichoma kidole gumba, na hata hilo sikulichukua kuwa onyo.

Vikaoga. Yaani viliogelea, Kiazi akanywa maji ya sabuni akapiga chafya, Bi Mdogo akalilamba beseni lote kama kuna mchuzi. Halafu nikalisafisha beseni, na hapa ndipo usomi wangu ulipoonekana. Ustadhi wetu wa staffroom alishawahi kutueleza, na mimi nikiwa nimeketi palepale nikila mandazi, kwamba chombo alicholamba mbwa kwao huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Nilikumbuka vizuri sana. Nikajiambia mimi ni mtu wa sayansi, sabuni ya unga inatosha, nikalisugua mara moja, nikalisuuza, likang'aa kuliko nilivyolikuta, nikalirudisha juu ya wenzake nikaenda kupiga picha. Picha zilipendeza kweli. Yule wa slipa akajibu, "Sasa ni slipa mpya."

Jumamosi ikafika, vijibwa bado viko zizini na mimi sina jibu la Jumapili, lakini nimealikwa harusi na harusi hailaliwi njaa. Nikavaa shati langu jeupe. Turubai la wanaume lilikuwa limefungwa uani, mikeka imetandikwa, joto la kupikia chapati juu ya bati, na mimi kwa heshima ya ualimu nikakalishwa mkeka mmoja na Maalim Abdi, sheikh aliyefungisha ndoa, na Abti Dagane, kaka yake Hooyo, mfugaji wa mbuzi wa upande wa Ijara ambaye kila mtu pale anamwita Abti, yaani mjomba. Tukanawishwa mikono. Sinia letu likawekwa tupu mbele yetu. Halafu vijana wawili wakaingia wamebeba pilau ya kuanza kupakua, mlima wa pilau, nyama juu, zabibu zinang'aa, ndani ya beseni kubwa la bati.

Sikio moja limefungwa waya.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Mwanzoni nikajaribu kujidanganya kwamba huenda kila beseni Garissa limefungwa waya, lakini kidole gumba chenyewe kilikuwa kinauma. Wakapakua sinia letu la kwanza kabisa, kwa heshima ya Maalim. Nikaanza hesabu ya haraka: nikinyamaza, hakuna duniani atakayejua, watu watakula, watashiba, Ifrah ataolewa kwa amani, na mimi Jumapili ninaweza kumbembeleza Hooyo anipe wiki nyingine. Nikisema, sina chumba leo hii, sisubiri hata Jumapili. Nikamtazama Maalim akisema Bismillahi, mzee wa watu, mkono umenyooka kuelekea ule wali, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya kumwangalia mtu anayekuamini. Nikamdaka kifundo cha mkono.

"Usile!"

Turubai zima likanigeukia. Mtu mmoja nyuma akatema alichokuwa anakitafuna (tende tu, maskini, tena tende nzuri).

"Kuna sumu?" Maalim akauliza polepole, mkono wake bado nimeung'ang'ania.

"Hapana, Maalim, si sumu. Kuna... mnyama."

Sasa fikirieni. Mtu wa bara, mla kila kitu, anasimama katika harusi ya Waislamu anasema kuna mnyama kwenye chakula. Nikasikia minong'ono inapita kama upepo, na mtu akalitaja lile jina la mnyama mwenyewe, yule wa mkia wa kujikunja, na wazee wakaanza kusimama.

"Si huyo!" nikapiga kelele. "Ni mbwa!"

"Mbwa?" Abti Dagane akashangaa. "Mbwa iko ndani ya bilau?"

"Hayumo! Hayumo sasa! Alikuwamo juzi!"

Wallahi sijui ni shetani gani alinipa yale maneno. Kijana mmoja alitupa mwiko. Upande wa wanawake pazia likafunguka, na Hooyo Sahra akaingia na dirac, gauni lake pana la harusi, dhahabu shingoni, akaja mpaka mbele yangu. Nikaeleza yote mbele yake, beseni, sabuni, Kiazi na chafya zake, Bi Mdogo kulamba, nilieleza mpaka vitu ambavyo hakuna aliyeuliza.  Hooyo akajifunika uso kwa ncha ya shashi, mtandio wake wa kichwani, mabega yakatikisika, nikajua nimemliza mama wa watu siku ya harusi ya mwanawe. Hapo nililia na mimi, kidogo.

Maalim Abdi ndiye aliyetuokoa. Akauliza beseni ni hili moja tu? Moja tu. Masinia mengine yamepakuliwa humo? Bado. Umekula wewe mwenyewe? Hapana. Akavuta pumzi, akawaambia watu kwa Kisomali wakae, vyakula vingine vyote ni salama, walete. Kisha akanigeukia.

"Pilau hii wape wanyama, isitupwe. Na wewe mwalimu, wewe ndiye utaosha. Mara saba. Ya kwanza na udongo."

"Nitaosha nyuma, Maalim."

"Hapana. Hapa, watu waone limetakasika, wasile kwa wasiwasi."

Basi ndiyo ile video. Nimechuchumaa na shati jeupe, beseni, sinia na mwiko mbele yangu, nasugua kwa mchanga wa uani, na watoto wa harusi yote wamenizunguka wanahesabu kwa Kisomali kila nikimwaga maji: kow! laba! saddex! Nilipofika ya nne mtoto mmoja mwenye roho mbaya akasema sikufika pembeni, nikarudia ya nne. Simu zilikuwa juu kama msitu. Ya saba ilipoitwa, "Toddoba!", watu walipiga makofi, hata bwana harusi, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikainama kama mtu aliyemaliza kuimba.

Nikaibeba ile pilau kwenye gunia nikavipelekea vijibwa, vikala harusi kamili, matumbo yakawa ngoma. Abti Dagane akanifuata, anataka kuwaona waliotaka kumharibia mpwa wake siku. Alipokaribia zizi, vile vitu vitatu, visivyofika hata gotini, vikamkurupukia kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia, vikiilinda pilau yao kama vimeinunua. Abti akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akacheka mpaka akashika mti wa zizi.

"Mbwa kubwa niliyo nayo nakula mingi, nalala mingi," akasema. "Fisi nakuja, yeye nakoroma. Hii nakula kidogo, nabiga kelele ya simba. Mimi nachukua."

"Ipi, Abti?"

"Yote. Ukiacha moja italia."

Jumapili asubuhi pikapu ikaja. Nikavipandisha kimoja kimoja kwenye kreti nyuma, nikamweleza Abti kwamba Soksi haogopi giza lakini anaogopa ndoo, na Abti akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesikiliza mgonjwa. Pikapu ilipoanza kuondoka Bi Mdogo akatoa pua kwenye tundu la kreti, na mimi, ambaye nilidhani machozi yangu yote niliyamaliza jana, nikalia tena barabarani, watu wakipita kwenda zao, wengine wakininyooshea vidole saba.

Niliporudi uani nikaanza kufunga godoro langu, maana ingawa Hooyo alitaka mbwa tu waondoke, baada ya mambo ya jana niliona hata kusubiri kufukuzwa si heshima. Hooyo akaja akasimama mlangoni na sahani imefunikwa.

"Wewe naenda wapi?"

"Hooyo, nimekuharibia harusi."

"Umeharibu," akasema bila kupunguza. "Mbaka Wajir wanajua. Lakini ungenyamaza, mimi ningelisha watu najisi kwa mkono yangu na sijui. Weka godoro chini. Kula."

Nikakaa nikala, pilau ya jana, ya beseni jingine, na sikuweza kumtazama usoni. Ndipo nikaapa, na kiapo chenyewe ninakishika mpaka leo: cha mtu sikigusi bila kuuliza, hata kijiko, hata mwenyewe akiwa hatua tatu tu kutoka niliposimama. Hasa akiwa hatua tatu.