Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Juzi Kombani, nikinywa chai kwenye kibanda cha viazi karai, mwanamke mmoja alikuwa akimlalamikia shoga yake, simu mkononi. "Blogu yangu ya mapishi haisomwi! Yako ya habari za kijiji cha Bodo inasomwa mpaka Diani. Una dawa gani?"

Shoga akapangusa vidole. "Kila ukiandika nakuja kwako, nakuachia maoni. Wewe kwangu umewahi kuja? Jirani akikuletea futari, sahani unamrudishia tupu?"

Yule wa mapishi akainamia simu. Palepale akaisoma blogu ya mwenzake, akaandika maoni marefu. Chai yangu haijapoa, simu yake ikalia: maoni ya msomaji mgeni kabisa kwenye blogu yake!

"Nimeona maneno yako kwa jirani, nikasema nije nionje na kwako."

Akapiga kigelegele, muuzaji nusura adondoshe kiazi.

Enyi mnaolilia wasomaji, hebu fungueni makabati: mna sahani za nani humo?