Mguu wa Nne wa Kabini

Tangu asubuhi Katsuva alikuwa amelala chali kwenye matope chini ya kabini, nyundo mkononi, akigonga chuma kilichokataa kusogea. Juu ya uso wake, nyuma ya ubao mmoja tu, alikuwa amelazwa mke wake Pétronille na kitoto chao cha kike ambacho hakikuwa hata na jina. Kila alipogonga, alimsikia mke wake akiguna.

"Papa Katsuva, pole pole," Bibiane alimwambia kutoka mlangoni. "Ile nyuzi ya tumbo ingali mubichi."

"Nikienda pole pole tutalala hapa, Mama."

Huyo Bibiane alikuwa muuguzi, na kabini ndiyo ilikuwa zahanati yake. Ilikuwa chumba cheupe cha bati na mbao, chenye dirisha na mlango, ambacho wazungu fulani walikuja nacho Bunia miaka mingi nyuma kikiwa kimebebwa na lori kama konokono na nyumba yake. Kwenye pembe zake kulikuwa na miguu minne ya chuma, na kila mguu ulikuwa kriki, ile ambayo watu wa upande wa Uganda wanaita jeki. Ukizungusha mpini, mguu unashuka na kabini inainuka. Lori linaingia chini kinyumenyume, unageuza mpini upande mwingine, kabini inakaa mgongoni mwa lori na safari inaanza. Zamani Bibiane alizunguka nayo vijijini kuchanja watoto. Vita vilipofunga barabara, kabini ikashushwa kwenye ua wa parokia na kubaki pale, miguu ikinyeshewa mvua misimu mingi bila mtu kuitia hata tone la mafuta.

Katsuva alikuwa fundi wa kriki. Alitoka Butembo akiwa kijana, akafungua kibanda chake kando ya barabara ya kwenda Komanda, na madereva wa malori makubwa wakamzoea. Lori likivunjika ekseli porini, dereva hana rafiki kuliko kriki yake, na kriki ikimwangusha dereva, lori humlalia mtu kifuani. Kwa hiyo Katsuva alikuwa na desturi ya kutorudisha kriki kwa mwenyewe kabla hajalala yeye kwanza chini ya mzigo iliouinua.

Lakini mwezi huo wa tano, mwaka wa 2003, hakukuwa na lori la kutengeneza. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wameondoka, na mara tu walipogeuza migongo, wenye bunduki wa pande mbili wakaanza kugombania mji, nyumba kwa nyumba, kila upande ukimwuliza mtu kabila kabla ya kumwuliza jina. Pétronille alipasuliwa akazaa katikati ya mambo hayo. Aliyempasua akakimbia na familia yake, wagonjwa wakatawanywa, na Katsuva akamkokota mke wake juu ya mkokoteni hadi kwa Bibiane. Nyankunde, walikozoea kupeleka wagonjwa mahututi, hakukuwa tena na mtu wa kuwapokea. Watu wa mtaa wao walikuwa wamekwisha kushika njia ya Beni kwa miguu, magodoro vichwani. Pétronille hakuweza hata kuketi.

Ndipo rafiki yake Marcellin, dereva, alipokuja na lori. Lilikuwa lile lile la zamani la kubeba kabini, nyuma ni chasi tupu, vyuma viwili virefu visivyo na mahali pa kulaza hata kuku. Alikuwa amelificha nyuma ya karakana iliyoungua. Alikuwa amemtanguliza mke wake, Claire, kwenda Beni.

"Ndugu yangu, mazutu ya kutufikisha Komanda iko," Marcellin alisema, akigonga tangi la dizeli. "Miguu ikikubali, tunabeba bibi yako na kitanda chake. Ikikatala, mimi peke yangu sitaweza kitu."

Miguu mitatu ilikubali. Katsuva aliimwagia mazutu iliyochanganywa na mafuta ya breki, akaisubiri inywe kutu, akagonga kwa kipimo, akaipaka mawese kwa kuwa grisi haikuwepo popote mjini. Mpini wa kwanza ulipozunguka, ulilia kama mbuzi, kisha ukalainika. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo.

Mguu wa nne ndio uliokuwa na shida. Meno yake yalikuwa mazima, lakini ule ulimi mdogo wa chuma unaoingia kati ya meno na kuyazuia yasirudi nyuma ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukabaki kama ukucha. Katsuva alitafuta kipande cha chuma cha kuuchongea mwingine. Angekuwa kibandani kwake angekipata, lakini kibanda kilikuwa upande wa pili wa risasi. Aling'oa bawaba ya dirisha, akaikata, akaichonga kwa tupa, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Ikashika. Alipoweka uzito, ikateleza. Akachonga tena. Ikateleza tena.

"Tuwatoe nje kwanza," Marcellin alisema.

Bibiane akatikisa kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha, na risasi zilikuwa zikikata majani ya migomba nyuma ya ukuta. "Nikimunyanyua mara mbili, tumbo itafunguka. Inua na yeye ndani."

Basi Katsuva akaamua. Mguu wa nne ungezungushwa kama mingine, ila mtu mmoja angekaa na mpini wake mkononi bila kuuachia, awe yeye ndiye ulimi. Marcellin alikuwa na mikono ya kushika usukani wa malori maisha yake yote. Akauchukua.

Wakaanza. Katsuva alizungusha kidogo pembe hii, akakimbilia ile, Bibiane upande wake akifanya hivyo hivyo, kwa sababu pembe moja ikitangulia kabini hujinyonga na miguu hupinda. Walikuwa wakipanga magogo chini kadiri inavyopanda. Kisha magogo yakaisha, na kabini ilikuwa bado haijafika kimo cha chasi. Wakaendelea bila magogo. Mle ndani kitoto kililia, kikanyamaza.

Ilipobaki kama kiganja kimoja hivi, geti likapigwa teke.

Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi, na upande wa pili ni migomba hadi mtoni. Marcellin ndiye aliyekuwa karibu nao kuliko wote. Katsuva alimwona akiutazama ukuta, kisha akautazama mpini, kisha akatazama juu, kwenye ubao ambao nyuma yake alilala mgonjwa asiyekuwa hata ndugu yake. Hakuondoka. Aliuegemeza mpini kifuani na kuukumbatia.

Waliingia vijana wenye bunduki, wamelowa, mmoja amevaa koti la mvua la kike.

"Lori iko ya nani?"

Mwenye koti akaligonga lori kwa kitako cha bunduki.

"Nauliza dereva ni nani!"

"Ni mimi," Marcellin alisema.

"Kuja hapa. Unatuendesha."

"Nikiachilia hii, nyumba inaanguka. Iko mama mugonjwa ndani."

Mwenye koti akainua bunduki. Bibiane akajitupa mbele yake, mikono juu, gauni lake jeupe limejaa matope. "Mwanangu, minakuomba! Iko mutoto wa juzi ndani! Chungulia mwenyewe!"

Kijana akachungulia dirishani. Alikaa hapo kidogo. Aliporudi hakumtazama mtu usoni. "Mwingine akamate hiyo chuma," alisema. "Dereva anakuja."

Katsuva alienda. Aliweka mikono yake juu ya mikono ya Marcellin, na kwa muda wakawa wameushika wote wawili, jasho na mvua na mawese vikiteleza kati ya vidole vyao.

"Niachie, ndugu yangu," Katsuva alinong'ona.

"Umekamata?"

"Nimekamata."

Marcellin akaachia. Uzito wote ukamwangukia Katsuva mabegani. Alitaka kusema neno, kuwaambia wale vijana wamchukue yeye, kwamba na yeye anajua kuendesha, ingawa hakujua. Lakini hata kugeuka hakuweza. Alisikia mlango wa lori, injini ikikohoa, ikiwaka, kisha magurudumu yakitoka getini. Hivyo ndivyo alivyomuaga rafiki yake, kwa mgongo.

Waliishusha kabini wawili tu, yeye na Bibiane, yeye akiulegeza mpini wa nne kidogo kidogo, Bibiane akikimbia kati ya mitatu mingine, hadi ikakaa juu ya magogo. Katsuva akakaa chini kwenye matope akalia kwa sauti, mtu mzima, na Bibiane hakumzuia. Baadaye Bibiane alisema, "Simama, Papa. Tung'oe mulango."

Waliung'oa mlango wa kabini, wakamtelezesha Pétronille juu yake bila kumkunja, wakamfunga kwa shuka, kitoto kifuani. Mvua ilipozidi na bunduki zikapunguza kelele, wakamnyanyua, yeye mbele, muuguzi nyuma. Walipita mitaa yenye milango wazi, wakikwepa vitu ambavyo Katsuva hakutaka mke wake avione. Pétronille aliuliza mara moja tu, "Marcellin iko wapi?" Katsuva akaongeza mwendo.

Walifika kwenye kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa, ambako maelfu ya watu walikuwa wamejibana kwenye uzio wa waya. Nyuzi za tumbo zilikuwa zimefunguka upande mmoja. Bibiane alizishona upya chini ya karatasi ya plastiki, Katsuva akimshika mke wake mabega. Homa ilimshika siku nyingi, ikafika mahali Katsuva akaanza kuulizia watu wanazikwa wapi. Kisha homa ikamwachia. Mtoto walimwita Arielle.

Lori lilipatikana limeungua kwenye njia ya kwenda Mahagi. Dereva hakupatikana, mzima wala maiti.

Mji ulipotulia, Claire alirudi kutoka Beni akamtafuta Katsuva mpaka akampata. Alikaa kwenye benchi la kibanda, mkoba magotini.

"Waliniambia weye ndiye ulimuona wa mwisho."

Katsuva alikuwa amejiandaa kumpunguzia uchungu. Alipoona uso wake, akamweleza yote, ukuta, mpini, na vile alivyotazama juu.

"Ule ukuta," Claire alisema, "alikuwa anaweza kuuruka?"

"Alikuwa anaweza, Mama."

Barabarani pikipiki zilipita, watu walisalimiana. Claire akafungua mkoba, akatoa leso, akaishika tu bila kuitumia.

"Hapana kunificha kitu kingine," alisema. "Alikuwa anaogopa?"

"Sana," Katsuva alijibu. "Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Lakini haikuachilia."

Claire aliinamisha kichwa. Pétronille akatoka ndani na mtoto mgongoni, akaketi kando yake kwenye benchi hadi mchana ukapita.