Kahawa ya Shokola kwa Mgeni wa Ukaguzi

Mume wangu aliamini kwamba mtu mweusi akipikiwa nyumbani kwake kahawa ya shokola yenye likeri ndani, ile pombe tamu ya kizungu, Wabelgiji watamhesabu mtu. Alikuwa karani pale Fizi, na aliitaka kufa na kupona ile kadi ya wastaarabu, ambayo kabla hujapewa mzungu huja kukukagua kitanda, choo na uma. Kinywaji chenyewe alikiona kwa mkubwa wake alipopeleka barua. Hakupewa, alikiona tu, na kuona huko kulimtosha kunifundisha mimi upishi.

Kila mtu Fizi alijua kwamba likeri tulikatazwa. Wenye kadi peke yao ndio walioruhusiwa kuinunua. Yeye hakuwa nayo bado, lakini alishuka Baraka, akapitia mlango wa nyuma wa duka la Mgiriki mmoja, akarudi na chupa ameifukia katika kikapu cha ndagala wakavu. Nilimwuliza kama wastaarabu wote hunuka samaki. Akaniambia sina akili, kama watu wote wa kwetu Swima.

Siku ya mgeni nilipika, tena nilipika vizuri kuliko walivyostahili. Nilitwanga kahawa, nikayeyusha shokola katika sufuria ndogo niliyoiketisha ndani ya maji ya moto, nikamimina kahawa polepole huku nakoroga. Maziwa yalikuwa ya Bibokoboko, mazito. Nilikusanya utando wake nikaupiga kwa uma. Uma zile zilinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi, na hiyo ndiyo kazi pekee zilizowahi kufanya kwetu. Likeri niliitia mwisho, sufuria ikishaepuliwa, ili harufu isipotee. Nilionja kijiko kimoja. Kilikuwa kitamu mno, na hata leo nikikikumbuka nakasirika.

Mzungu alimaliza kikombe, akaomba cha pili, akakimaliza nacho. Ndipo akauliza pombe hiyo imetoka wapi. Mume wangu alikuwa amekariri Kifaransa mwezi mzima, lakini chote kilimtoka. Akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mwanamuke, Bwana. Mi sijue kitu."

Mgeni aliandika jina langu katika daftari lake, akaondoka na chupa kwapani. Kesho yake niliitwa biro, ofisini alikofanya kazi mume wangu, nikasimamishwa barazani asubuhi nzima, watu wakipita kumtazama mwanamke anayeficha pombe. Dirisha la mume wangu lilikuwa hatua tatu tu kutoka pale niliposimama. Nilimsikia akipiga mashine yake ya kuandikia. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Watu husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake; huyu wangu alipewa na kadi juu yake. Alikwenda Baraka akanunua likeri kwa mlango wa mbele, akawaalika makarani wenzake na wake zao. Aliwaketisha mezani, akakisifu kinywaji cha nyumbani kwake mpaka wakameza mate. Kisha akaniita, kwa sauti ya mtu mwenye kadi, niwapikie, na kwanza niwaeleze kinavyopikwa.

Nilitoka jikoni nafuta mikono kwenye kitenge. Nilimtazama usoni, mbele yao wote.

"Baba," nikamwambia, "mi sijue kitu."