Fundi Sikio na mlio usiozimika

Saa mbili asubuhi, katika gereji yenye sakafu nyeusi kwa oili, mwanamume mwenye ovaroli anainamia injini inayounguruma. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye chuma, mpini ameubana sikioni. Anasikiliza, kisha anampungia dereva mkono.

"Zima!"

Injini inanyamaza. Fundi anabaki ameinama, macho ameyafumba. "Mlio mmoja bado upo," anasema taratibu. "Huo ni wangu."

Wateja humwita Fundi Sikio. Kwa zaidi ya miaka ishirini ametambua beringi iliyochoka kwa kuisikiliza tu. Mtindo wa kuzima injini na kusikiliza tena ameuanza juzijuzi, baada ya kufungua injini nzima ya mteja akitafuta mvumo mwembamba. Injini ilikuwa nzima kabisa. Mvumo ulikuwa masikioni mwake.

"Aibu niliyopata, acha tu," anasema. "Mteja akaniuliza kama siku hizi nakunywa asubuhi."

Nyumbani alikaa kimya. Mkewe ndiye aliyemshtukia.

"Namwita, ananiangalia tu. Nikadhani kaninunia," anasema mama huyo, nusu akicheka. "Nikamwambia, baba, twende hospitali kabla hujawa kiziwi."

Daktari wa masikio aliwaeleza kwamba mlio kama huo unaweza kuletwa na nta iliyoziba, presha, au hata vidonge vya maumivu, ambavyo fundi alikuwa akivimeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Nta imesafishwa, presha iko sawa, dawa imebadilishwa. Mlio haujaondoka. Jumatatu atapimwa usikivu.

Kinachomkosesha usingizi ni sababu ya mwisho: kelele za miaka yote hiyo. Kama zimeharibu sikio kwa ndani, daktari alisema, halirudi kuwa kama zamani.

"Naomba Mungu iwe vile vidonge," anasema fundi. "Pengine havijaisha mwilini. Mgongo nitauvumilia, lakini sikio hili ndilo linalotulisha."

Akipona, amepanga kufanya kazi na vizibo vya masikio, avitoe wakati wa kusikiliza tu.

Dereva anawasha tena. Fundi anasikiliza kwa muda mrefu, halafu anamwita fundi umeme wa gereji na kumpa bisibisi.

"Hebu sikia, ndugu yangu. Kuna kitu kinakwaruza?"

Mwenzake anabana mpini sikioni. "Kipo. Kinakwaruza kweli."

Fundi Sikio anashusha pumzi. "Afadhali," anasema. "Huo ni wa gari."